Maganda Chini ya Shina la Tatu

Sogea karibu, wewe wa rika langu, uiweke miwani yako vizuri. Jambo hili nitakueleza polepole, kwa sababu mimi mwenyewe lilinichukua miaka kulielewa, na sioni kwa nini wewe nikukimbize.

Hapa Meru mjini, nyuma ya soko, kuna mama anayekamua maji ya miwa kwa mashine. Maganda huyatia kwenye gunia, na gunia likikaa siku mbili juani hutoa harufu ya uchachu, tamu na chafu kwa pamoja, kama uji uliosahauliwa. Juzi nilipita pale na mfuko wangu wa viazi, nikasimama. "Shosho, nikujazie glasi?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, mwanangu, nanusa tu. Akacheka, akamwambia mteja wake kwamba wazee wa siku hizi wanakunywa kwa pua. Sikumlaumu. Harufu ile ilikuwa imeshanitoa sokoni na kunirudisha kwenye bustani ya shule yetu, mteremko wa juu kule Embu, miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowawinda wapigania uhuru waliojificha msituni, nikiwa msichana wa miaka tisa hivi mwenye daftari mkononi.

Kwanza nikuonyeshe mahali penyewe. Shule ilikuwa na vyumba vitatu vya udongo, na bustani ilianzia nyuma ya chumba cha tatu, ikashuka hadi kijitoni. Juu, palipokauka haraka, tulipanda mahindi na njahi, yale maharagwe meusi. Katikati palikuwa na mboga na viazi vitamu. Chini kabisa, penye unyevunyevu, palikuwa na mashina manane ya miwa, na baada ya miwa kipande cha msitu wa asili ambacho wajenzi wa shule walikiacha walipofyeka kwingine kote, sijui kwa huruma au kwa uvivu. Sisi watoto tulikiita kijisitu.

Mwalimu wetu wa kilimo aliitwa Njeru, kijana mrefu wa kaptura ya kaki. Alitoka Mbeere, nchi ya chini, upande wa Siakago, ambako mvua huja kama mgeni asiyelala. Labda ndiyo sababu alipenda kuipima. Alinikabidhi daftari la bustani akaniita Karani. Kila asubuhi, kabla wenzangu hawajafika, nilitumbukiza kijiti chenye alama za kisu ndani ya kopo lililosimamishwa kati ya mboga, nikaandika maji yamefika alama gani. Kisha nilizunguka bustani yote nikiandika kilichobadilika tangu jana. "Usiandike unachofikiri," alinifundisha. "Andika ulichokiona. Kufikiri tutafikiri Ijumaa, sote pamoja."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba mwaka una nyuso. Mwisho wa kiangazi, mti wa muhuti pale kijisituni ulivua majani yote, kisha ukawaka maua mekundu juu ya matawi makavu, na wazee walipoyaona wakaanza kunoa majembe. Yule ndege wa mvua, mwenye sauti tatu zinazoshuka, alilia kutwa bila kuonekana. Mvua ya njahi, ile ndefu ya Machi, iliponyesha, siafu walihama kwa safu, na mahindi yakachomoza kama masikio ya sungura. Julai ilileta ukungu, na kila kitu kikasimama kama kimeambiwa kingoje, isipokuwa miwa, ambayo baridi huizidishia utamu. Yote hayo niliyaandika kwa penseli, kwa Kiswahili changu cha shule, nikilamba ncha yake hadi ulimi ukawa mweusi.

Lakini mwaka ule haukuwa wa siafu na maua tu. Wewe unakumbuka. Watu wa matuta yetu yote walikuwa wamehamishwa na kubananishwa katika kijiji kimoja, handaki lenye miti iliyochongwa likikizunguka, na kilimani mnara wa homgadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali, ukitutazama sisi zaidi kuliko ulivyoutazama msitu. Hakuna aliyekatiza shamba la mtu. Kutembea kulikuwa kwa ruhusa na kwa saa. Na kulikuwa na maneno mawili yaliyoogopwa kuliko bunduki: kulisha msitu. Aliyesemekana kuwa anawapa chakula watu wa msituni alipakiwa kwenye lori, na wengine hawakurudi. Si lazima aonekane. Ilitosha asemwe. Hilo ndilo lililokuwa likimnyemelea Mwalimu Njeru Julai ile, na mimi sikujua.

Asubuhi moja ya ukungu nilikuta rundo la maganda ya miwa chini ya shina la tatu. Hayakuwa yametupwatupwa. Yalikuwa yamepangwa, maganda upande huu na makapi yaliyotafunwa upande ule, na muwa ulikuwa umekatwa chini kabisa, sawasawa, bila kuumiza machipukizi. Nikaandika. Siku nne baadaye, rundo jingine, pale pale. Nikaandika. Mara ya tatu niliwahi kuliko kawaida, nikamkuta Mwalimu amechuchumaa penye shina, anayazoa maganda kwa mikono miwili na kuyatia kwenye shimo la mbolea, akiyafunika kwa majani. Aliposikia miguu yangu aligeuka haraka, na nilimwona uso wake kabla hajauweka sawa.

"Karani. Umewahi leo."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nasafisha."

"Ndiyo, Mwalimu."

Sasa nikueleze kwa nini niliumia. Miwa ile ilikuwa yetu. Tulikuwa tumeahidiwa kila mtoto pingili moja siku ya kufunga shule, na katika mwaka ule wa uji mwembamba, pingili ilikuwa harusi. Nilimweleza Nthiga, tuliyeketi naye dawati moja, mvulana ambaye hakuna jambo alilosikia akaliacha bila kulitia chumvi.

"Si mtu wa chini huyo?" Nthiga alisema. "Kwao muwa wanauona kwenye ndoto."

"Lakini ni mwalimu."

"Mwalimu hana tumbo? Mtazame mkanda. Alikuja akifunga tundu la mwisho, sasa yuko la pili."

Tangu siku hiyo tulimtazama mkanda. Alipotufundisha habari za mizizi tulimtazama mkanda. Alipoinama kung'oa magugu tulitazamana. Ukishaanza kumshuku mtu, kila anachofanya kinakuwa shahidi: akiwa mkimya, anaficha, akicheka, ameshiba.

Ijumaa alisoma daftari, akalifunga, akalifungua tena ukurasa ule ule. Wenzangu walikuwa wametoka kwenda kuchota maji.

"Karani, humu tunaandika mimea na ndege. Watu usiwaandike."

"Mwalimu, ulisema niandike nilichokiona."

"Nilisema." Alitazama mlangoni, halafu kilimani kwenye mnara. "Basi tazama ndege zaidi."

Hakuuchana ukurasa. Kurasa zote alikuwa amezitia namba kwa mkono wake mwenyewe, na ukurasa usiokuwapo ungesema mengi kuliko uliokuwapo. Hilo nalielewa leo. Siku ile nilielewa jambo moja tu: mwizi ameniomba nifunge mdomo. Wewe ungekuwa mimi, ungefikiri nini?

Nyumbani nilijaribu kumuuliza nyanya niliyeishi naye. "Nyanya, mtu akila miwa isiyo yake, halafu maganda yakafichwa, huyo ni mtu gani?" Nyanya aliacha kukoroga. Ukuta wetu na wa jirani ulikuwa karibu kiasi kwamba tulisikia mtu wa pili akijikuna. "Ni mtu aliyeshiba," akasema kwa sauti ya juu, si kwangu, kwa ukuta. Kisha chini kabisa: "Kula uji wako. Na usiniulize tena vitu vyenye miguu." Watoto wa miaka ile hatukufundishwa mila zetu, si kwa sababu wazee walizisahau, bali kwa sababu kila mila ilikuwa na namna ya kukupeleka kwenye lori.

Wiki ya mwisho ya muhula, saa ya mapumziko, mkubwa wa homgadi alikuja na askari wawili. Alikuwa mtu wa tuta letu, rika la baba yangu, anayejua kusoma, na alikuwa na tabasamu ambalo halikupanda hadi machoni. Ilikuwa imetolewa amri kwamba vichaka vyote vilivyo karibu na makao ya watu vifyekwe, naye alikuja kukikagua kijisitu. Akashuka bustani, akapanda, akaliona daftari linaning'inia kwenye msumari mlangoni. Akalitoa. Akasoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari, mvua, maua, siafu, hadi kidole kikakwama.

"Nani karani hapa?"

"Ni mimi, Bwana."

"Umeandika vizuri. Hebu nikusikilize kama nimesoma sawa. 'Rundo moja la maganda chini ya shina la tatu. Mwalimu ameyazoa ameyatia shimoni.'" Akarudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Rundo. Chini ya shina."

Mwalimu Njeru alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu. Mikono ilikuwa imenyooka mapajani kama ya mwanafunzi.

"Mwalimu, naona una mgeni mwenye adabu," yule mtu alisema. "Anaitwa nani?"

"Hakuna mgeni, Bwana."

"Hakuna mgeni. Basi tumuulize karani." Akachuchumaa mbele yangu hadi nikanusa tumbaku yake. "Nani aliyekula miwa?"

"Mwalimu," nikasema.

"Mwalimu huyu?"

"Ndiyo, Bwana. Anakula miwa yetu anaficha maganda."

"Ulimwona akila? Kwa macho yako?"

Sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimeona maganda, nimeona mikono ikizoa, nimeona mkanda. Lakini wenzangu wote walikuwa wamenikodolea macho, na karani aliyeandika bila kuona ni karani gani? Nikasema, "Ndiyo, Bwana. Nilimwona."

Yule mtu aliinuka. "Kweli, Mwalimu?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Ni kweli. Njaa, Bwana."

"Na kama ni wewe, mbona urundike vizuri hivyo, halafu uzoe?"

"Ni mkono tu. Nyumbani tulilelewa hivyo. Nikishakumbuka kwamba mimi ni mwalimu, nazoa."

Wakatushusha sote bustanini. Mkubwa wa homgadi akamwamuru akate muwa aule mbele yetu. Mwalimu aliukata chini kabisa, akamenya kwa meno, akatafuna. Nthiga akaanza kucheka, kicheko kikatembea mstari mzima. Akaambiwa akate wa pili. Midomo ikapasuka, damu ikaingia kwenye makapi. Wa tatu. Sisi watoto tulitazama mdomo. Nataka uzingatie hili, kwa sababu ndipo jambo lote lilipo: mkubwa wa homgadi hakutazama mdomo hata mara moja. Alitazama ardhi. Alitazama maganda yanawekwa wapi. Na Mwalimu, macho yakimtiririka, aliyaweka chini ya shina, maganda upande huu, makapi upande ule, rundo moja safi.

Mwishowe yule mtu akacheka kwa sauti. "Huyu ni panya wa shule," akawaambia askari wake. "Lori halibebi panya." Akalirudisha daftari kwenye msumari kwa mkono wake, wakaenda.

Kabla hawajafika kilimani, Nthiga alikuwa ameshatunga: Mwalimu Miwa, Mwalimu Miwa, tumbo la nani hili? Tuliimba siku ile, na siku iliyofuata, na hakutuzuia. Muhula ulipofungwa, pingili hatukupewa, kwa sababu kijisitu kilifyekwa na watu wa kijiji kwa amri, na miwa ikang'olewa pamoja nacho. Mwalimu Njeru alihamishwa kwenda shule ya nchi ya chini. Hakuniaga. Mvua ya mwele, ile fupi ya Oktoba, ilipokuja, nilikwenda kwenye kopo langu kama kawaida, nikaandika alama nne. Chini ya neno ndege niliandika: hakuna. Niliandika hivyo siku nyingi mfululizo, na bado nilijiona nimetenda haki.

Sasa njoo mbele miaka kadhaa. Handaki lilikuwa limeanza kumomonyoka, na watu waliruhusiwa tena kutembeleana. Nyanya alinichukua twende kwa dada yake, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Mchana tulifika penye kijito, njaa imetukaba. Kulikuwa na shamba la mtu tusiyemjua, na miwa kando ya maji. Nyanya akatoa kisu kwenye kikapu, akakata muwa mmoja chini kabisa, akaketi pale pale akaanza kumenya. Mimi nilitazama juu, nilitazama nyuma. Tulipomaliza, akayakusanya maganda na kuyarundika chini ya shina.

"Nyanya, yafiche!"

"Niyafiche kwa nini?"

"Watajua tumekula."

"Ndiyo, wajue." Alinitazama kama aliyeona kidonda asichokijua mwilini mwangu. "Mwenye njaa akipita shambani, hula papo hapo, habebi hata pingili. Maganda huyaacha wazi chini ya shina, ili mwenye shamba akija ajue: hapa palipita mtu mwenye njaa, hapakupita mwizi. Mwizi ndiye anayeficha. Hukufundishwa? Hapana. Nani angekufundisha."

Nilikaa chini. Nyanya alidhani ni uchovu. Nilikuwa nimeyaona yale marundo matatu tena, yalivyopangwa, na ule mkato wa chini kabisa. Aliyekula hakuwa Mwalimu. Aliyekula alishuka kutoka msituni na ukungu, akala penye shina bila kubeba kitu, akaacha salamu ya adabu ambayo mtu yeyote mzima angeisoma. Ndiyo maana Mwalimu aliizoa. Ndiyo maana mkubwa wa homgadi alitazama ardhi. Na uongo wangu, uongo wa mtoto mwenye kinyongo cha pingili moja, ndio uliompa Mwalimu mahali pa kujificha. Akaingia humo, akaubeba.

Nilikwenda kumtafuta nikiwa mtu mzima, mtoto mgongoni. Nilimkuta nje kidogo ya Siakago, bado anafundisha, ua wake umejaa miche ndani ya makopo. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Karani! Bado unaandika?"

Nikamwambia yote, nikilia. Alisubiri hadi nikamaliza, akimwagilia miche.

"Siku ile niliomba Mungu akufanye mjinga kwa dakika tano tu," akasema. "Akanisikia mara moja. Sijawahi kujibiwa haraka namna hiyo."

Tukacheka, mtoto wangu akaamka. Nikamuuliza mlaji alikuwa nani.

"Sikumwona hata siku moja. Niliujua mkono wake tu, kwa jinsi alivyokata. Alikuwa mkulima."

"Na mbona baadaye hukujisafisha, Mwalimu? Hatari ilishapita."

"Kwa nani? Nipande basi hadi Embu, nikawaambie watu wazima, sasa wenye watoto wao, kwamba sikula miwa?" Alitabasamu, kisha tabasamu likapungua. "Jina hilo lilinifuata hadi huku. Mwanangu amepigania jina hilo shuleni mara mbili. Hilo ndilo linaloniuma kidogo."

Nikamwahidi kwamba nitawaambia wote tuliosoma pamoja. Akasema, "Ukipata nafasi, Karani." Nafasi nilizipata nyingi, harusi, harambee, mazishi, na kila mara niliona aibu kusema kwamba nilidanganya.

Alizikwa miaka michache iliyopita, mzee sana. Tulikwenda wachache wa darasa letu. Nthiga, sasa babu mwenye fimbo, aliniinamia kaburini akanong'ona, "Mwalimu Miwa amepata pingili yake," na waliosikia wakazika vicheko kwenye leso. Mtoto wa marehemu alikuwa amesimama karibu. Sijui kama alisikia. Nilipoitwa kusema neno kama mwanafunzi wake wa zamani, nilisimama, nikasema alitufundisha kupima mvua. Nikaketi.

Kwa hiyo leo naandika nilichokiona, na nilichosema nimekiona. Tuliosoma pale bado tuko, na watoto wetu wanalijua lile jina la utani bila kujua lilikotoka. Ukiwa mahali, mtu akataja Mwalimu Miwa na watu wakaanza kucheka, usingoje mimi nifike. Waambie hakuonja muwa wetu hata mmoja kabla ya siku aliyolazimishwa. Waambie aliyesema alimwona ni mimi, na sikumwona. Kisha mtaje kwa jina lake, Njeru, na kama mwanawe yupo, sema kwa sauti ya kumfikia.